Tchegera au Idjwi: kuchagua kisiwa cha kutembea kwa miguu katika Ziwa Kivu

Ziwa Kivu lina visiwa vingi, vingine vidogo kiasi cha kukaliwa na ndege tu. Hata hivyo, mkazi wa Goma au wa Bukavu anayetafuta kisiwa cha kutembea kwa miguu, mwenye nia ya kuchosha magoti na si ya kukaa ufukweni akichoma samaki, mwishowe hubaki na viwili vya kuchagua. Kuna Tchegera, kijisiwa cha upande wa kaskazini wa ziwa ambacho ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na kuna Idjwi, kisiwa kikubwa cha katikati ya ziwa, chenye mashamba, makanisa, masoko na watu wake. Nimevitembelea vyote viwili zaidi ya mara moja, nikiwa na wageni, nikiwa na watoto wa dada yangu, na mara moja nikiwa peke yangu. Kila ninapoulizwa kipi ni bora, kwanza humuuliza mwenzangu kama anataka kuitazama nchi kwa mbali au kupita katikati ya maisha ya watu wake, kwa sababu visiwa hivi viwili havitoi kitu kimoja, na aliyekwenda kimoja akitegemea cha kingine hurudi amenuna.

Jambo la usalama linatangulia yote. Vita viliingia mjini Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo, na tangu hapo safari ya ziwani si kitu cha kuamua asubuhi na kuondoka mchana. Hifadhi ya Virunga nayo imezoea kufunga milango inapoona hatari: ilisimamisha utalii mwezi Mei 2018 baada ya mlinzi wake mmoja kuuawa na wageni kutekwa, ikafungua tena Februari 2019, kisha ikafunga Machi 2020 kwa ajili ya korona. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya kumsaidia msomaji kuchagua pale njia inapokuwa wazi. Ruhusa yenyewe iulizwe kwa hifadhi ikiwa ni Tchegera, na kwa wakuu wa teritwari, yaani wilaya, na watu wa bandari ikiwa ni Idjwi, tena iulizwe katika wiki ileile ya safari, kwa maana habari ya mwezi uliopita haifai kitu.

Tofauti iliyo chini ya kiatu

Tchegera ni ukingo wa volkano ya kale uliobomoka upande mmoja. Ndiyo sababu kisiwa kina umbo la mwezi mwandamo, na katikati ya ncha zake mbili ziwa limeingia na kufanya ghuba tulivu. Unachokikanyaga ni jivu la volkano lililoganda pamoja na changarawe nyeusi, na mvua ikinyesha maji huzama upesi, hivi kwamba baada ya muda mfupi unaweza kuendelea na matembezi bila kuchafua hata ncha ya suruali.

Idjwi haikuzaliwa na volkano. Ni kipande cha mwamba wa kale sana, wenye umri mkubwa kuliko ziwa lenyewe, kilichobaki kimesimama wakati bonde la ufa lilipodidimia pande zake, na juu ya mwamba huo umelala udongo mwekundu wa mfinyanzi. Katika kiangazi udongo huu ni mgumu na mzuri kwa mguu, lakini katika masika ni jambo jingine kabisa. Mwezi mmoja wa Aprili nilikuwa nikishuka kutoka vilimani kuelekea ziwani baada ya mvua ya asubuhi, nikateleza mara tatu katika mteremko ambao mtoto wa kike wa miaka kama kumi alikuwa akiushuka mbele yangu na mananasi manne ndani ya beseni kichwani. Hakuwa na viatu. Niliitazama miguu yake kwa makini: vidole vilifunguka na kuuma udongo kabla kisigino hakijagusa chini, na kila alipofika penye jiwe alilikanyaga kwa ubavu wa unyayo, hakuthubutu kulikanyaga kwa katikati. Beseni halikutikisika. Nilivua viatu vyangu vya michezo, nikavining'iniza shingoni, nikakanyaga pale alipokanyaga yeye mpaka chini.

Kutokana na hayo, majira ya kwenda si yale yale kwa visiwa vyote viwili, na hapa watu wengi hukosea. Kiangazi chetu cha kuanzia Juni hadi Agosti ni kizuri kwa njia za Idjwi, lakini ni miezi ambayo hewa hujaa vumbi na moshi wa mashamba, na milima hufichika nyuma ya utando mweupe siku nzima. Anayekwenda Tchegera huenda hasa kwa ajili ya milima. Kwake yeye asubuhi ya masika, baada ya mvua ya usiku kusafisha anga, ina thamani kuliko mwezi mzima wa jua.

Tchegera, au kuuona mlima wote

Njia ya Tchegera si ndefu. Inafuata mgongo wa kisiwa kutoka ncha moja hadi nyingine, ikishuka hapa na pale kuelekea maji, na mtu asiye na haraka huimaliza kwa muda usiozidi saa mbili, akiwemo mzee au mtoto wa shule ya msingi. Hakuna mpando wa kumkata mtu pumzi. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba hayo si matembezi ya kweli, na kwa kipimo cha jasho wana haki. Anayetafuta kupanda anajua kwamba Nyiragongo yenyewe, volkano iliyo juu ya mji wa Goma, kutoka kituo cha Kibati, huchukua saa nne hadi sita za kupanda mfululizo, na kijisiwa hiki hakiwezi kushindana na hilo.

Lakini kuna kitu ambacho Tchegera humpa mtu wa Goma na ambacho mahali pengine ni vigumu kukipata. Sisi tulioishi Goma tumeishi miguuni pa Nyiragongo, na kilicho miguuni pa kitu hakikioni kitu hicho chote. Mjini unaona kipande cha mlima juu ya paa la jirani, au wekundu wa usiku nyuma ya mawingu, au huoni chochote. Kutoka mgongoni mwa Tchegera unauona umekamilika, mita 3,470 kutoka usawa wa bahari, na kushoto kwake Nyamulagira wenye mita 3,058, mpana na mtulivu kama mtu aliyeketi. Unauona pia mteremko mrefu unaotoka kwenye kreta hadi kwenye maji, na mji umekaa hapo mwisho wake. Mpwa wangu, aliyezaliwa baada ya 2002 na ambaye amesikia habari za mwaka huo kwa wakubwa tu, alisimama hapo akafuata kwa kidole njia ambayo lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliifuata kupitia mjini hadi ikaingia ziwani, akaniuliza kwa nini ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji. Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo nikiwa nyumbani. Mlima unapoonekana wote ndipo mtu anapoanza kuuliza habari zake.

Usiku ukibaki kisiwani, na anga ikiwa safi, kuna uwezekano wa kuona wekundu juu ya kreta. Haupo kila siku, na asiwepo mtu wa kukuahidi. Wanaokwenda kwa ajili ya wekundu peke yake hurudi na huzuni mara nyingi kuliko wanaokwenda kwa ajili ya alfajiri, ambapo mdiria, wale weusi kwa weupe, huning'inia hewani juu ya ghuba wakipiga mabawa papo hapo kabla ya kujitupa majini. Ningeshauri njia ipitwe mara mbili, jioni na alfajiri, kwa kuwa ni fupi na mwanga huibadilisha.

Kwa kuwa kisiwa kimo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika, na iliyoandikwa na Unesco katika urithi wa dunia mwaka 1979, mwendo wako hapo una masharti. Unakuja kwa mpango uliokubaliwa mapema, unalala katika mahema ya kambi, huchukui jiwe wala yai la ndege, na taka zako hurudi nawe Goma. Hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna mama muuza ndizi. Mtu aliyezoea kwamba njiani hakosi kitu cha kutafuna ajue hivyo kabla ya kupanda boti. Malipo hufanywa kwa dola na mapema, na kwa familia ya kawaida ya mjini hesabu hiyo ni nzito.

Idjwi, njia zenye wenyewe

Idjwi ina takriban kilomita za mraba 300, na kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika hutajwa kuwa cha pili kwa ukubwa baada ya Ukerewe wa Ziwa Viktoria. Ni teritwari kamili ya Kivu ya Kusini, yenye sultani wawili, usultani wa Rubenga kaskazini na ule wa Ntambuka kusini, na wakazi wake, ambao wengi ni Wahavu, wanapita 200,000. Kuivuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa miguu si kazi ya siku moja. Tena kisiwa hiki si hifadhi: hakuna mlinzi, hakuna kibao cha kuelekeza, hakuna njia hata moja iliyochimbwa kwa ajili ya mgeni. Kila njia unayoifuata ilichongwa na miguu ya watu wanaokwenda sokoni, kisimani, shambani au kanisani, na nyingi kati ya njia hizo hupita katikati ya uwanja wa nyumba ya mtu, kati ya jiko na zizi la mbuzi.

Hilo ndilo zuri la Idjwi, na ndilo linalodai adabu. Kisiwani hakuna anayekuzuia kupita, lakini mtu akipita kwenye uwanja wa mwenyewe bila kusema "Jambo, mama" au "Jambo, mzee" ameshajitangaza kuwa hana malezi, na habari yake itamtangulia hadi kijiji cha tatu. Nimeona pia kwamba picha huharibu matembezi kuliko mvua. Ongea kwanza, pumzika kwanza, kunywa maji uliyopewa, kisha omba ruhusa, na ukikataliwa weka simu mfukoni bila kununa.

Kwa kuwa hakuna vibao, njia huulizwa, na kuna namna ya kuuliza. Usiseme, "Njia hii inakwenda Bugarula, sivyo?" Mtu mwenye heshima, akiona umechoka na unatamani kusikia ndiyo, atakwambia ndiyo. Sema, "Njia hii inafika wapi?" naye atakupa jina la mahali inapofika kweli. Bora kuliko yote ni kumwona chifu wa kijiji siku ya kwanza na kumwomba kijana wa kukuongoza, mkapatana malipo mbele yake kwa franga. Kijana huyo anajua ni kijito gani kimefurika na ni mteremko gani umebomoka, na fedha hiyo inabaki kisiwani.

Mandhari ya Idjwi ni ya mashamba: migomba, mihogo, maharagwe, mananasi ambayo sisi huyanunua Goma na Bukavu bila kufikiri yalibebwa na kichwa cha nani, na miti ya kwinini ambayo gamba lake hutengenezwa dawa ya malaria. Kahawa ina habari yake ya uchungu. Kwa miaka mingi wakulima walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, wakitafuta bei ambayo hawakuipata kwao, na wengi walizama pamoja na magunia yao. Baadaye yalikuja mashirika ya ushirika yenye vituo vya kuosha kahawa kisiwani, na mkulima akaweza kuuza bila kuhatarisha roho. Ukipita katika miezi ya mavuno utaikuta kahawa ikikauka juu ya meza ndefu za wavu, akina mama wakiichagua punje kwa punje, na nakushauri usimame hapo hata kwa nusu saa. Watakueleza kwa nini punje hii imetupwa na ile imebaki, na hutainywa kahawa tena kwa haraka.

Kusini, katika vilima vya juu, umebaki msitu wa Nyamusisi, mabaki ya msitu uliokuwa mkubwa zaidi kabla ya mashamba na makaa. Wabambuti wa Idjwi waliishi humo zamani, nao waliondolewa, na leo wengi wako kandokando ya ziwa bila shamba la kutosha. Nalitaja hili kwa sababu linahusu uchaguzi wetu moja kwa moja. Tchegera imelindwa na sheria, na hata ukienda kimakosa kuna mtu wa kukurekebisha. Msitu wa Idjwi, pamoja na watu waliokuwa wake, hauna ulinzi kama huo, na kila mgeni anayekuja na watu ishirini, muziki na chupa za plastiki anaongeza kidonda. Kikundi cha watu zaidi ya wanane nisingekipeleka huko.

Jambo moja zaidi linaloipa Idjwi sifa yake ni amani. Katika miaka ambayo vita vilipita pande zote mbili za ziwa, wenyewe kwa wenyewe Waidjwi hawakupigana, na kisiwa hakikuwa na makundi ya silaha yaliyotesa vijiji vya ng'ambo. Mtu anayetoka Masisi au Kalehe, akitembea humo jioni kati ya nyumba na nyumba, hulitambua hilo kwa mwili wake kabla hajalitambua kwa akili.

Majini

Kisiwa hakifikiwi kwa miguu, na kwa kweli hatari kubwa ya safari hizi mbili haiko njiani bali iko juu ya maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiitazama kutoka nchi kavu, na familia nyingi zililia. Tangu siku hiyo mimi hupimia chombo kwa macho yangu: nikiona kingo zimekaribia maji, hushuka, hata kama nimelipa. Koti la kuelea, ambalo bandarini tunaliita jile, lazima livaliwe na lifungwe, na si kukaliwa kama mto.

Kwa hili Tchegera ina nafuu, kwa sababu safari kutoka Goma ni fupi, chini ya saa moja kwa boti ya injini, tena boti yenyewe ni ya mpango na haijazi watu wa sokoni. Kwenda Idjwi hutegemea vyombo vya abiria vinavyotoka Goma kwa wanaotaka kaskazini na Bukavu kwa wanaotaka kusini, vikibeba magunia, mbuzi na godoro. Mtu wa Bukavu basi asijisumbue kupitia Goma. Aanzie kusini, atembee kuelekea kaskazini, na akiwa na siku za kutosha atokee Bugarula na kuteremkia Goma. Kwa vyovyote ondoka asubuhi, ziwa linapokuwa limelala, na usipange kwenda Idjwi na kurudi siku ileile.

Baada ya matembezi watu huuliza kama kuogelea ni salama. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na gesi tunayoisikia kila siku, kaboni dayoksaidi na methani, imeyeyuka katika maji ya kina kirefu sana, mbali na mwogeleaji. Mahali pa kuogopa gesi ni nchi kavu, katika mabonde madogo ya ufuko wa magharibi mwa Goma, ambako hewa nzito ya mazuku hukusanyika chini kama maji ndani ya bakuli na kuua mbuzi, mbwa na watu waliojilaza kupumzika. Kwa hiyo atakayeacha visiwa vyote viwili na kuamua kutembea ufukweni upande wa Sake asishuke kwenye shimo lolote kufuata kivuli, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza.

Nani aende wapi

Ninapokuwa na wazazi wenye watoto wadogo, au mzee ambaye magoti yake yameanza kukataa, au mgeni mwenye usiku mmoja tu, sisiti: ni Tchegera, na gharama yake wagawane. Walimu wa jiografia pia ningewapeleka huko, kwa sababu somo la volkano ambalo ubaoni huchukua wiki mbili, pale humalizika kwa saa moja, mwanafunzi akiwa amesimama juu ya volkano moja akitazama nyingine mbili.

Mwenye siku tatu au nne, miguu mizuri na subira ya kusalimia, aende Idjwi kati ya Juni na Agosti. Mwenye siku mbili tu asijaribu kuizunguka; achague upande mmoja, kaskazini au kusini, alale mahali pamoja, na kila siku atoke asubuhi kwa njia tofauti. Ibinja, kile kisiwa kidogo kilicho upande wa Kalehe, ni cha kuongeza kwa aliyekwisha kuijua Idjwi, na si cha kuanzia.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa ajili ya vijana wetu wa Goma, wale waliokulia mjini na ambao wanajua Idjwi kwa jina la nanasi tu, ningewapeleka Idjwi kwanza, watano au sita, pamoja na mtu mzima mmoja anayesema Kihavu. Kila mmoja abebe kitambulisho chake au kadi ya mpiga kura, shuka, tochi, koti la mvua, jozi mbili za viatu ambazo moja ni ya kulowana, na franga ndogondogo za kununulia ndizi kwa wale wanaozilima.